Neno Halisi na Maana Yake: Jinsi Mitambo ya Kutafuta Habari Inavyozipanga Kurasa

Mkulima wa Muleba akiona majani ya mgomba yamegeuka rangi ya manjano na kunyauka, ilhali udongo una unyevu wa kutosha, hutambua mara moja kwamba kibanja chake kimo hatarini. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ndicho ghala la chakula la familia na ndicho akiba yake. Zamani mkulima huyo angemwendea jirani au bwana shamba. Siku hizi aghalabu huitoa simu mfukoni kwanza, huandika maneno mawili matatu, kisha hungoja jibu. Lakini ataandika maneno gani? Na ukurasa uliobeba jibu sahihi umeandikwa kwa maneno gani? Iwapo maneno hayo hayalingani, je, mtambo wa kutafuta habari utaweza kuwakutanisha mwenye swali na mwenye jibu?

Kwa miaka mingi wenye kurasa za intaneti waliamini kwamba siri ya kuufikisha ukurasa juu ya orodha ni kulitia ndani yake neno lile lile analoliandika mtafutaji, tena kulirudia mara nyingi iwezekanavyo. Imani hiyo ilikuwa na msingi. Msingi huo haujabomoka wote hadi leo, ila umepungua sana, na sehemu iliyobaki imehamia mahali ambapo wengi hawapatazamii.

UGONJWA MMOJA, MAJINA MENGI

Ugonjwa unaomtia hofu mkulima huyo huletwa na bakteria. Ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, katika mmea wa enseti ulio wa jamii moja na mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda na mashariki ya Kongo, mwaka 2005 Rwanda, na mwaka 2006 ukaripotiwa wilayani Muleba. Kila ulipopita uliachiwa jina. Waganda waliuita kiwotoka, Wanyarwanda kirabiranya. Kwa Kiswahili huandikwa mnyauko wa bakteria, mnyauko bakteria wa migomba, au mnyauko unyanjano. Hata jina la kitaalamu halikutulia: bakteria huyo aliyejulikana kwa jina la Xanthomonas campestris alihamishiwa mwaka 2020 katika spishi ya Xanthomonas vasicola, baada ya uchunguzi wa vinasaba vyake.

Kagera yenyewe ina mifano mingine ya namna hii. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la mto Kagera baada ya vita. Ripoti ya kilimo ya mwaka 1972 haitaji mkoa wa Kagera hata mara moja, kwa kuwa mkoa wenye jina hilo haukuwapo. Mtu akitafuta habari za kale za mkoa kwa jina la leo, na mtambo ukazingatia herufi tu, ripoti hiyo itabaki gizani.

Jina la Bukoba nalo lina matatizo ya kinyume chake, kwani neno moja limebeba vitu vingi. Ni manispaa, ni wilaya yenye halmashauri yake ya pekee, na ni meli iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Ndipo inapoonekana dhahiri kwamba kulinganisha neno kwa neno huwa na kasoro mbili: kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mengi, na jina moja linaweza kuwa la vitu vingi.

KADI ZA MAKTABA

Msomaji aliyewahi kutumia maktaba ya zamani atakumbuka sanduku la kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake chini ya mada yake, na mkutubi mwenye busara aliongeza kadi nyingine za kuelekeza: anayetafuta “buni” aangalie pia “kahawa”. Kadi hizo ndogo zilikuwa na thamani kubwa. Zilimwokoa msomaji asiyejua neno alilolichagua mkutubi.

Mtambo wa kutafuta habari hufanya kazi ya kadi kwa njia nyingine. Kwanza, programu maalumu huzunguka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, na kunakili kilichoandikwa. Kisha maandishi yote huvunjwavunjwa kuwa maneno, na kila neno huandikiwa orodha ya kurasa ambamo limeonekana. Orodha hiyo huitwa faharasa. Mtu akiandika “mnyauko migomba”, mtambo haukimbii kuzisoma kurasa zote za dunia. Hufungua orodha ya neno “mnyauko” na orodha ya neno “migomba”, kisha hutazama ni kurasa zipi zimo katika zote mbili. Kwa sababu hiyo jibu huja kabla mtu hajapepesa jicho.

Mitambo ya awali, kama AltaVista iliyoanzishwa mwaka 1995, ilitegemea sana faharasa ya namna hii. Ilikuwa na kasi ya kushangaza, lakini haikuwa na zile kadi za “angalia pia”.

HESABU YA MANENO

Kupata kurasa si kazi ngumu. Kazi ni kuzipanga. Kati ya kurasa elfu zenye neno lile lile, ipi iwe ya kwanza?

Jibu moja muhimu lilitolewa mwaka 1972 na mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones. Alionyesha kwamba maneno hayana uzito sawa: neno adimu hueleza mengi kuliko neno linalopatikana kila mahali. Tuchukue mfano wa kubuni wa kurasa 10,000. Neno “na” limo katika zote, neno “ndizi” limo katika kurasa 1,000, na neno “mnyauko” limo katika kurasa 10 tu. Tukigawa jumla ya kurasa kwa idadi ya kurasa zenye neno, kisha tukatafuta logi ya jibu kwa kizio cha 10, “na” hupata 0, “ndizi” hupata 1, na “mnyauko” hupata 3. Hivyo mtambo huweza kuutambua uzito wa swali la mkulima bila kujua Kiswahili hata kidogo.

Swali la pili ni hili: neno likirudiwa mara nyingi ndani ya ukurasa, uzito uongezeke kiasi gani? Hapa ndipo imani ya kurudiarudia inapopimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Stephen Robertson na wenzake mjini London walitunga kanuni ya kupimia, nayo ingali inatumika katika mitambo mingi. Kwa ukurasa wenye urefu wa wastani, na kwa kipimo cha kawaida cha kanuni hiyo, neno likionekana mara 1 ukurasa hupata alama 1. Likionekana mara 2 hupata alama 1.38 hivi, mara 5 alama 1.77, na mara 20 alama 2.08. Hata likirudiwa mara elfu moja, alama haziwezi kupita 2.2. Aidha, ukurasa uliorefushwa kwa ajili ya marudio hayo hupunguziwa alama kwa sababu ya urefu wake. Mwandishi anayelirudia neno “mnyauko” mara ishirini ametumia jasho la mara ishirini kwa faida isiyofika hata mara mbili na robo.

Mwaka 1998 kampuni ya Google ilianzishwa na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwa na wazo jingine tena: ukurasa upimwe pia kwa viungo unavyopata kutoka kurasa nyingine, hasa zile zenye hadhi. Neno halisi likawa shahidi mmoja tu kati ya mashahidi wengi.

UDANGANYIFU NA MAJIBU YAKE

Palipo na faida hapakosi wajanja. Wapo walioandika neno moja mara mia kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili mtambo ulisome na binadamu asilione. Wapo walioyajaza maneno katika sehemu ya ukurasa isiyoonekana, iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya maneno ya msingi. Wengine walisajili anwani za intaneti zenye maneno yale yale yanayotafutwa, wakidhani jina la duka linatosha hata kama rafu ni tupu.

Kampuni za mitambo zilijibu hatua kwa hatua. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haitumii kabisa ile sehemu ya maneno ya msingi yaliyofichwa katika kupanga kurasa. Mwaka 2011 ilianza kuzishusha kurasa nyepesi zisizo na maelezo ya maana, na mwaka 2012 ikazishughulikia zile zilizojazwa maneno na viungo vya hila. Mwaka huo huo wa 2012 anwani zilizonakili maneno ya mtafutaji, huku ukurasa wenyewe ukiwa hafifu, nazo zikapoteza upendeleo. Leo kujaza maneno kumeorodheshwa wazi miongoni mwa makosa yanayoweza kuufanya ukurasa ushushwe au uondolewe.

KUTOKA NENO HADI MAANA

Mabadiliko makubwa zaidi hayakutokana na vita dhidi ya hila. Yalitokana na juhudi ya kuufundisha mtambo kwamba maneno tofauti yanaweza kubeba maana moja. Google ilibadili mtambo wake mwaka 2013 ili uangalie swali zima badala ya neno mojamoja. Mwaka 2015 ilieleza kwamba inatumia mfumo unaojifunza wenyewe, hasa kwa maswali mapya. Nayo yalikuwa mengi, kwani takribani asilimia 15 ya maswali ya kila siku yalikuwa hayajawahi kuulizwa. Mwaka 2019 uliingizwa mfumo uitwao BERT, kwanza kwa Kiingereza, na kabla mwaka haujaisha kwa lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Wazo la mifumo hii linaweza kueleweka kwa ramani. Tarakimu mbili, yaani latitudo na longitudo, zinatosha kuiweka Bukoba mahali pake na Muleba mahali pake. Mtu asiyewahi kufika Kagera, akizisoma tarakimu hizo, atajua kwamba miji hiyo ni jirani, na kwamba Mtwara ni mbali. Maneno nayo huwekwa katika ramani, lakini ramani yenye tarakimu mia kadhaa kwa kila neno. Katika umbo la kawaida la BERT ni 768. Mtambo huzipata tarakimu hizo kwa kusoma maandishi mengi mno na kuchunguza ni maneno gani hukaa karibu na maneno gani. Kwa kuwa “buni” na “kahawa” huandamana na maneno yale yale, kama kuchuma, kukoboa, kukaanga na mnada, hatimaye hujikuta karibu katika ramani. Kadi ya “angalia pia” imejitengeneza bila mkutubi.

Faida yake ilionekana wazi wakati wa maradhi ya mwaka 2023. Tarehe 16 Machi Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana katika Wilaya ya Bukoba. Tarehe 21 Machi, baada ya vipimo vya maabara, ugonjwa huo ulipewa jina lake: Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 6 kati yao kufariki. Taarifa za siku tano za kwanza hazikuwa na neno “Marburg”, kwa sababu hakuna aliyelijua. Mtambo wa herufi tu usingeweza kuziunganisha na zile za baadaye. Mtambo unaolinganisha mahali, tarehe na dalili za ugonjwa huweza.

TATIZO LA VIAMBISHI

Kwa Kiswahili, kulinganisha neno halisi kuna udhaifu wa ziada ambao haukuwasumbua sana waliobuni mitambo. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha njia ya kukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili maumbo mbalimbali ya neno yahesabiwe kuwa moja. Njia hiyo ilienea mno. Lakini Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni mwa neno: unanyauka, umenyauka, yamenyauka, ulionyauka, kunyauka. Mkasi unaokata mkia haugusi kitu hapo. Kwa mtambo wa herufi, hayo ni maneno matano yasiyo na undugu wowote, na neno “mnyauko” ni la sita.

Tena Mwingereza hutumia neno moja kwa mti na tunda lake, lakini Mswahili ana mgomba na ana ndizi. Mkulima akiandika “ndizi zinaoza kabla ya kukomaa”, na mtaalamu akawa ameandika “mnyauko wa migomba”, hakuna hata neno moja linalogongana kati ya swali na jibu. Na mkulima huyo akiandika kwa Kihaya hali huwa ngumu zaidi, kwani maandishi ya lugha hiyo katika intaneti ni machache, na ramani isiyo na maandishi ya kutosha huwa na maeneo matupu.

MAHALI NENO HALISI LILIPOBAKI NA NGUVU

Je, basi neno halisi limekufa? Hapana. Google yenyewe, katika maelezo yake kwa umma, inasema kwamba dalili ya msingi kabisa ya ukurasa kuhusika na swali ni kuwamo kwa maneno yale yale yaliyoulizwa. Mitambo ya leo huchanganya njia zote mbili, faharasa ya maneno na ramani ya maana. Na kuna sababu nzuri ya kutoitupa ile ya kwanza, nayo inaonekana vizuri kuliko kwingineko katika kibanja kile kile cha Muleba.

Migomba ina mnyauko mwingine, uletwao na kuvu wa fusari, ambao pia huitwa ugonjwa wa Panama. Katika ramani ya maana magonjwa haya mawili ni majirani wa ukuta mmoja: yote mawili ni mnyauko, yote ni ya migomba, na katika yote majani hugeuka manjano. Lakini shambani yametengana kabisa. Mnyauko wa bakteria huchafua tunda lenyewe: ndizi huiva kabla ya wakati, na ikikatwa ndani huonekana imeoza na kuwa kahawia, shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga lililotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Mkulima huondoa ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapojitokeza, huchoma panga kwa moto au kulisafisha kwa dawa yenye klorini, na hukata mapema kila shina linaloonyesha dalili. Bakteria huyo hadumu sana udongoni. Baada ya miezi kadhaa ya kupumzisha shamba, migomba misafi inaweza kupandwa tena.

Kuvu wa fusari ni kinyume chake. Haozeshi tunda ndani, bali huziba mishipa ya shina na kuitia rangi nyekundu ya kahawia. Hukaa udongoni kwa miongo ya miaka. Na panga likichomwa moto kila siku halitauondoa. Dawa yake ni kubadili aina ya mgomba. Ndizi za kupika za nyanda za juu, zilizo chakula cha Wahaya, kwa kawaida huustahimili, lakini aina za kigeni kama ndizi sukari hushambuliwa.

Mkulima aliyeuliza habari za mnyauko wa bakteria akaletewa ukurasa wa fusari, eti kwa kuwa maana zinakaribiana, anaweza kukata tamaa na kung'oa kibanja ambacho kingeokolewa kwa kijiti na moto. Aliyekosea upande wa pili atapanda tena aina ile ile katika udongo ule ule, na kuipoteza tena. Hapo neno “bakteria” haliwezi kubadilishwa na neno jirani. Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya mahali, majina ya mbegu kama FHIA-17 na FHIA-23, na majina ya dawa. Anayeandika “senene” hataki kuletewa habari za panzi kwa jumla. Mtambo humruhusu mtafutaji kusisitiza neno kwa kulizungushia alama za kufunga na kufungua, ingawa wengi hawaitumii njia hiyo.

Kuna jambo jingine linaloipa Kiswahili hali ya pekee. Kwa Kiingereza, ukurasa wenye neno halisi hushindana na maelfu ya kurasa nyingine zenye neno hilo hilo, hivyo kuwa nalo hakumpi mtu ubora wowote. Kwa Kiswahili, katika mada nyembamba kama ugonjwa wa mgomba, washindani huenda wakawa wachache mno. Ukurasa mmoja ulioandikwa wazi unaweza kuwa wa kwanza bila hila yoyote. Kwa bahati mbaya ukurasa mbovu nao unaweza kuwa wa kwanza kwa sababu hiyo hiyo, nao hukaa hapo mpaka mwenye kujua aandike ulio bora.

Mtaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, au bwana shamba wa halmashauri, akitaka maelezo yake yamfikie mkulima, hana haja ya kuhesabu amerudia neno mara ngapi. Kichwa cha habari kilitaje jina kamili la ugonjwa mara moja. Sentensi za mwanzo ziyataje majina mengine, pamoja na kirabiranya na kiwotoka, kwani mpaka hauzuii ugonjwa wala msamiati. Dalili zielezwe kwa maneno ya mkulima mwenyewe, kwa sababu anayetafuta aghalabu halijui jina. Anachokijua ni kwamba ndizi zake zinaoza ndani. Tofauti na fusari itajwe bayana kwa jina lake, si kwa kudokeza. Na chini ya ukurasa iandikwe wilaya, tarehe ya kuandikwa, na namna ya kumpata bwana shamba aliye karibu, ili aje na panga lililochomwa moto, akate shina, na kutazama kama linatoa ute wa manjano.